Barua za baba kutoka Kitwe zimeota ukungu

MUULIZE MAMA MASIJALA

Shikamoo Mama Masijala. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na ushee, nakaa Tukuyu. Marehemu baba alifanya kazi kwenye migodi ya shaba Kitwe, Zambia, kabla na baada ya Uhuru. Barua alizomwandikia mama zilikaa miaka yote ndani ya bati la biskuti kwenye dari la jikoni, pamoja na picha na daftari lake la mahesabu. Mwaka jana tulijenga jiko jipya, nikazihamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, panya wasizifikie. Sasa zina madoa ya kijani na zinanuka. Mdogo wangu aliyeko Dar anataka zote zitiwe laminesheni, kisha zipigwe picha na kuwekwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Tatizo ni barua moja ambayo baba anamwomba mama msamaha kwa sababu ya mtoto aliyezaliwa huko. Mdogo wangu anasema hiyo ichomwe. Mama yupo, ila macho hayaoni vizuri. Nifanyeje? — M., Tukuyu

Marahaba mwanangu. Tuanze na ukungu, maana huo hausubiri kikao cha ukoo.

Watu hudhani moshi wa jikoni ndio adui mkubwa wa karatasi. Moshi unachafua, ni kweli, lakini joto la mafiga ndilo lililoliweka bati lile kavu, na wadudu hawapendi kukaa moshini. Tukuyu mvua mnaijua wenyewe. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa, nawe ukaufungia humo humo kwa mfuniko wa kubana. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Zitoe leo. Usizianike juani, jua linapausha wino na kukunja picha. Tandika shuka safi mezani, kwenye chumba kinachopitisha hewa, uzitenganishe moja moja. Zikikauka kabisa, zipeleke barazani, vaa barakoa, upanguse ukungu kwa brashi laini kuelekea mbali na uso wako. Kitambaa chenye maji usikiguse, kwa sababu wino wa zamani unachuruzika. Picha zilizogandana usizivute, zitenge tu. Pini na mipira ya kufungia itoe yote. Nilipokuwa masijala nimeona majalada yaliyotobolewa na kutu ya pini moja. Kisha kila barua iingie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha zote kwenye boksi la karatasi za A4 (ofisi yoyote itakupa tupu), na boksi likae kwenye rafu ya ndani, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, kwa ajili ya mchwa.

Laminesheni hapana. Mashine ile huyeyusha gundi kwa moto ikaingia kwenye nyuzi za karatasi, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mdogo wako atie vyeti vyake akipenda.

La kupiga picha namuunga mkono. Mfanye karibu na dirisha, mwanga wa simu ukiwa umezimwa, mbele na nyuma, na bahasha zake pia. Mkituma WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Mkituma kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora.

Nimesema bahasha kwa sababu wengi huzitupa. Barua za wakati ule mara nyingi hazina mwaka, basi tazameni stempu na muhuri wa posta. Stempu yenye maneno Rhodesia & Nyasaland ilitolewa enzi za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, kati ya 1954 na 1963. Ya Northern Rhodesia, jina la Zambia wakati wa ukoloni, ni ya kabla ya hapo, au ya ile miezi ya mwisho kuelekea Oktoba 1964. Ikiandikwa Zambia, ni ya kuanzia tarehe 24 Oktoba 1964, siku walipopata uhuru wao. Kwa hiyo akija kijana wa kununua stempu, mnyime.

Kuhusu picha, mama haoni vizuri lakini bado anakumbuka. Kaa naye umsimulie: mwanaume mrefu, ameshika baiskeli, nyuma yake kuna pazia la studio. Atakutajia ni nani, na atakutajia aliyetakiwa kuwepo akakosa. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hutokeza upande wa pili. Picha za rangi zenye mgongo unaoteleza hazishiki penseli. Hizo andika kwenye bahasha.

Daftari la mahesabu umelitaja kana kwamba halina maana. Ningekuwa mimi, ningelisoma kwanza. Barua za wanaume wale ni salamu ukurasa mzima, "mimi mzima, hofu ni kwenu," kisha mistari miwili ya habari. Daftari linasema alipokea kiasi gani, blanketi alinunua kwa bei gani, nyumbani alituma nini na mwezi upi hakutuma. Pengine humo mtaona pia kama yule mtoto alikuwa akimtunza.

Sasa ile barua. Ninyi mmeisoma juzi, mama yenu ameishi nayo tangu ilipofika. Ilikaa juu ya moto, mwanangu. Angetaka iungue, angenyoosha mkono tu.

Iliandikwa kwake, ni yake. Muulize mkiwa wawili, bila mdogo wako na bila wajukuu, anataka ikae wapi. Akisema itunzwe, itie kwenye bahasha ya peke yake, uandike nje kwamba isifunguliwe bila ruhusa yake, na kwenye grupu isifike kabisa. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, huenda anakuzidi umri. Siku akivuka mpaka wa Tunduma kutafuta kwao, hiyo inaweza kuwa karatasi pekee upande huu inayomtaja.

Mama akisema ichomwe, mpe aichome kwa mkono wake. Mdogo wako asiiguse.