Maswali na Majibu: Kamba ya Tani 3 na Mtu wa Kilo 80

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mweka hazina wa klabu ya kupanda milima ya chuo kimoja hapa Kenya. Tuna wanachama 30 na shilingi 250,000 za kununua vifaa vya pamoja, vya miamba na vya barafu, kwani tunakusudia kupanda miamba ya Lukenya kila mwezi na hatimaye kufika Nelion, kilele cha Mlima Kenya. Kampuni moja inayoosha madirisha ya maghorofa imekubali kutuuzia kamba 6 za milimita 11 kwa bei ya chini sana. Zimetumika kwa miaka 4, lakini hazina mkato wala mchubuko, na lebo inaonyesha kwamba kila moja inahimili tani 3. Je, tuzichukue, na fedha zitakazobaki tununulie mashoka ya barafu na kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti)?

JIBU: Msizichukue, hata mkipewa bure.

Ninajibu kwa ukali kidogo kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kuniletea kamba ya aina hiyo, akaikunja mbele yangu, akaivuta kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimewahi kuona kamba imara kuliko hiyo. Huenda ni imara kweli. Tani 3 zilizoandikwa kwenye lebo si uongo, na hapo ndipo zinapowapotosha watu, kwa kuwa zinajibu swali ambalo mpandaji hana haja nalo: ni mzigo gani, ukivutwa polepole, utakaoikata kamba hii ikiwa mpya? Mpandaji wa kilo 80 hatafikia tani 3 hata akipanda na mahema yenu yote mgongoni. Anachohitaji kujua ni jinsi kamba itakavyomsimamisha akianguka. Mtoto akiruka kutoka ukutani na kutua kwenye mchanga huinuka akicheka, na akitua kwenye saruji huvunjika mguu, ingawa hakuna atakayebisha kwamba saruji ni imara kuliko mchanga.

Kamba ya kupandia hufanya kazi ya mchanga huo. Kiwango cha Ulaya cha EN 892 hupima kamba ya kupandia inayotumika peke yake, bila ya pili, kwa kuangusha uzito wa kilo 80 mwanguko mkali sana, na hudai mambo matatu: kishindo cha mwanguko wa kwanza kisizidi kilonewtoni 12 (kama uzito wa tani 1.2), kamba isirefuke zaidi ya asilimia 40 katika mwanguko huo, na istahimili angalau mianguko 5 ya namna hiyo. Kamba za waosha madirisha kwa kawaida hutengenezwa kwa kiwango kingine, EN 1891, ambacho kinataka kinyume chake, yaani mzigo ukiongezeka kutoka kilo 50 hadi kilo 150 kamba isirefuke zaidi ya asilimia 5, kwa sababu mtu anayening'inia kutwa kwenye ghorofa ya 15 akiwa na ndoo ya maji hataki kupanda na kushuka kama amefungwa kwenye mpira. Kila kamba ilifumwa kwa kazi yake. Mpandaji anayetangulia akiwa mita 2 juu ya kifaa cha mwisho alichokibana mwambani kupitishia kamba huanguka mita 4 na zaidi kabla kamba haijakaza, na kama kamba hiyo hainyumbuki, nguvu yote ya mwanguko humalizikia kwenye nati (kabari ndogo ya metali) iliyobanwa ufani, kwenye nanga (pale kamba au mshikaji wake alipofungwa mwambani), kwenye mikono ya mwenzake aliyemshikia kamba na kwenye uti wa mgongo wake mwenyewe. Tena hatari si urefu wa mwanguko peke yake. Kuanguka mita 4 karibu na nanga, pale ambapo kamba iliyotoka ni mita 2 tu, ni kubaya kuliko kuanguka mita 6 huku mita 30 za kamba zikiwa nje, kwa maana kamba fupi haina urefu wa kutosha wa kunyumbuka. Wanaoanza hudhani mambo ni kinyume, wakawa makini juu na wazembe mita chache za mwanzo.

Utauliza kama kamba hizo hazifai basi kwa wale wanaopanda wakiwa wamefungwa kutoka juu, au kwa kushukia. Kamba isiyonyumbuka ikiwa mpya inafaa sana kwa kufungia nanga za juu pale Lukenya na kwa kushukia, nami ningewashauri mnunue moja. Hizi zenu hazifai kwa sababu nyingine, nayo ni ile sentensi yako ya kwamba hazina mkato wala mchubuko. Nailoni huharibiwa na asidi, na kuta za maghorofa mapya huoshwa mara nyingi kwa dawa zenye asidi ili kuondoa madoa ya saruji. Kamba iliyoguswa na asidi inaweza kubaki na rangi yake, ulaini wake na ganda lake zima, kisha ikakatika kwa mzigo mdogo wa kushangaza. Macho hayalioni jambo hilo, na vidole haviligundui. Nimeshakataa kukagua mifuko ya vifaa iliyoletwa nyuma ya pikapu ikiwa imelala juu ya betri ya sola yenye asidi, na mwenyewe akanikasirikia kwamba nimemharibia safari bila hata kufungua zipu. Ningeifungua ili nione nini?

Wapo pia wanaojiita wataalamu ambao huipima kamba kuukuu kwa kuifunga kwenye mti na kuivuta kwa Land Cruiser, na isipokatika wanaitangaza kuwa salama. Kipimo hicho kimeonyesha tu kwamba kamba haikukatika siku hiyo kwa mvuto wa taratibu. Hakikuonyesha itakavyopokea mwanguko, na huenda kimeichosha zaidi kuliko ilivyokuwa asubuhi. Ajabu ni kwamba watu hao hao ndio wanaokuamuru utupe karabina (kiungo cha metali chenye lango, cha kupitishia kamba) iliyokuponyoka mkononi ikaanguka kwenye sakafu, ati ina nyufa zisizoonekana, na huku mkanda wao wa kiunoni una umri wa miaka 15. Chuma na alumini kwa kiasi kikubwa husema kwa macho: lango lisilofunga vizuri, mfereji uliochimbwa na kamba, kona iliyopinda. Karabina au nati iliyotumika, ikikaguliwa na mtu anayejua, inaweza kununuliwa. Kitambaa na nyuzi havisemi, na ndiyo maana kamba, vitanzi vya utepe na mikanda havinunuliwi kutoka kwa mtu ambaye hawezi kukueleza vilikolala kila usiku.

Hapo ndipo tatizo la vifaa vya pamoja lilipo, kwani hata kamba mpya kabisa, baada ya miezi 6 mikononi mwa watu 30, inakuwa kamba isiyojulikana ilikotoka. Mwenye kamba yake anakumbuka siku alipoanguka vibaya, lakini klabu haina kumbukumbu ila iliyoandikwa. Kila kamba ipewe namba kwenye ncha zake, na daftari liseme mwaka ilipotengenezwa, siku ilipotolewa, nani aliichukua, na kama kulikuwa na mwanguko mkubwa, jiwe lililoiangukia au kitu kilichomwagika juu yake. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vifaa vya kitambaa hata kama havijawahi kutumika, na kwa kamba inayotoka kila wiki muda huo hushuka hadi kama mwaka 1. Mkiweka daftari, mtu mmoja awe na ufunguo wa stoo, tena asiwe mwenyekiti, maana mwenyekiti huombwa na marafiki.

Fedha zenu basi zianzie kwenye mwamba. Nunueni kamba mpya 2 za kunyumbuka za mita 60, hiyo moja isiyonyumbuka, helmeti, mikanda ya kiunoni inayorekebishwa ukubwa, karabina za kufunga kwa skrubu na seti ya nati, na kemu (vifaa vya kubana ufani vinavyopanuka) zisubiri mwaka ujao. Viatu vya mwamba kila mtu ajinunulie.

Kuhusu barafu, nitasema machache kwa kuwa yenyewe imebaki chache. Njia ya Diamond Couloir, mfereji wa barafu wa Mlima Kenya, ambayo Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1973, si ile tena, na barafu ya Lewis iliyovukwa kwa miaka mingi ili kufikia mwamba wa Nelion imesinyaa sana. Njia ya kawaida ya Nelion, waliyoifungua Eric Shipton na Percy Wyn-Harris mwaka 1929, wakati wa kiangazi ni safari ya mwamba, na wale watakaoishia kilele cha Lenana, mita 4,985, hawahitaji kamba kabisa. Jozi 4 za kramponi za kufunga kwa mikanda, ambazo hukubali buti za kila namna, na mashoka 4 ya kawaida yenye mpini ulionyooka yanatosha kufundishia. Kramponi za kubana kwa klipu hudai buti ngumu zenye ukingo maalumu, na wanachama wenu hawatakuwa nazo. Kila jozi ijaribiwe kwenye buti ya mvaaji kabla gari halijaondoka chuoni, si saa tisa usiku kwenye upepo.

Na kama kamba hizo 6 zimeshafika stoo kabla ya jibu hili, usizirudishe sokoni wala usizitupe zikiwa nzima, kwa sababu kamba nzima iliyotupwa jalalani huokotwa, ikaoshwa, ikapigwa picha ikiwa safi na kuuziwa klabu nyingine kwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Zikateni vipande vya mita 2, mwape wanafunzi wapya wafanyie mazoezi ya mafundo.