Walimu wa mazoezi, uachieni mkono wa mtoto

Wiki ya pili sasa nakaa nyuma ya darasa la kwanza nikiwatazama mkifundisha, na moyo unaniuma. Mtoto anainua daftari, "Mwalimu, ni hivi?" Mwalimu mbio, kifutio mkononi. Wadogo zangu, njia hiyo nimeipita.

1. Uimarishaji hasi si adhabu. Kwenye mtihani wa saikolojia mnalijibu vizuri, mkifika darasani mnashika fimbo mnasema ndio huo. Mwanasaikolojia Skinner alisema ni kumwondolea mtu kinachomkera baada ya kutenda, ili atende tena. Nina mvulana anayechukia kusimamiwa. Tumekubaliana: kila mstari anaoumaliza bila kuniita, nasogea mbali naye dawati moja. Jana alinifikisha mlangoni.

2. Makofi ya kilo yasiwe ya jibu sahihi tu. Taja kitendo: "Umefuta mwenyewe, ukaandika upya." Inatosha.

3. Hili lilinitoa machozi. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na watoto 91. Binti mmoja alilia kila tulipoanza kuandika. Nikawa namwendea, nashika mkono wake, tunaandika pamoja. Ananyamaza. Huku wengine 90 wananisubiri, ule ukimya ulikuwa nafuu kubwa. Kesho yake akalia mapema zaidi, nami nikaenda mapema zaidi. Yeye kwa kulia alipata mkono wangu. Mimi kwa kumkimbilia niliondokewa na kelele. Kwake uimarishaji chanya, yaani kupata anachokitaka baada ya kutenda, kwangu hasi, na sote wawili tukakomaa katika kosa. Daftari lake lilijaa vema tupu, nami nikajiona mwalimu mwenye huruma.

Novemba mama yake akaja, ametoka moja kwa moja kwenye vitumbua vyake, mikono bado ina unga. Aliomba binti amwandikie bibi yake jina kwenye karatasi. Mtoto akashika penseli, akaweka ncha, akaniangalia. Akasubiri. Ile nukta ikazidi kukolea mpaka karatasi ikatoboka. Mama akafungua daftari, akapitisha kidole juu ya mistari, akasema polepole, "Mwalimu, huu ni mwandiko wako."

Sikuwa na jibu.

4. Msaada uondoeni kidogo kidogo: mkono, kisha kidole kwenye kiwiko, kisha nukta za kufuatishia, mwisho jicho tu. Siku za mwanzo atalia kuliko zamani. Vumilieni, kaeni karibu naye. Ukikubali siku ya tatu, umemfundisha kwamba kilio kinatakiwa kiwe kirefu zaidi. Na akijaribu mwenyewe, hata vibaya, hapo ndipo umwendee haraka.

Yule binti alipoingia la pili, nilimwomba mwalimu wake aniachie dakika kumi za mapumziko kila siku. Machi aliandika jina lake lote akiwa peke yake dawatini, mimi niko dirishani. Herufi d ilikuwa imegeuka kuwa b. Sikuigusa.