Mwenye baiskeli alikuwapo kabla ya zawadi

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mwajiri amshukuru vipi mfanyakazi ambaye, badala ya kuja kazini peke yake ndani ya gari, ameamua kuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa matatu, au pamoja na wenzake katika gari moja? Mimi ni mkaaji wa Gede, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kupanga zamu na kushika rejista ya wafanyakazi katika hoteli za Malindi. Swali lenu limenigusa penye kidonda.

Kidonda chenyewe ni hiki. Katika hoteli niliyofanyia kazi zamani, mwaka mmoja tuliadhimisha Siku ya Baiskeli Duniani, ile ya tarehe 3 Juni ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018. Uongozi ukaahidi zawadi kwa mfanyakazi atakayeacha gari lake nyumbani wiki nzima. Mkuu mmoja wa idara, anayekaa karibu hivi kwamba adhana ya msikiti wa mtaani kwake tulikuwa tunaisikia hotelini, aliazima baiskeli akaja nayo siku 5. Siku ya mwisho tukakusanywa kando ya bwawa la kuogelea. Akapigwa picha, akapewa cheti chenye fremu na mwaliko wa chakula cha jioni cha watu 2. Tukapiga makofi.

Aliyesimama ubavuni kwangu akipiga makofi alikuwa baba mmoja wa chumba cha kufulia. Yeye alikuwa akija kwa baiskeli kutoka Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, kwa miaka 11. Anayeijua njia ile anajua maana yake. Msimu wa kaskazi hurudi nyumbani jioni na upepo usoni, na jioni ndipo unapovuma. Msimu wa masika hufika akiwa amelowa, akalikamua shati lake nyuma ya jiko na kusubiri likauke mwilini. Baiskeli aliifunga kwa mnyororo kwenye mti huko huko nyuma, juani, kwa sababu mlinzi alikuwa ameagizwa baiskeli zisionekane mbele ya wageni. Makofi yalipokwisha alinigeukia akasema kwa upole, "Dada, na mimi wiki hii nilikuja siku sita."

Sikuwa na jibu. Rejista nilikuwa naishika mimi, na nilijua kuwa mwaka ule jina lake halikuwa na alama hata moja ya kuchelewa.

Najua watakaosema kwamba swali lenu linamhusu aliyechagua, na yule mzee hakuchagua, hana gari tu. Nilimuuliza siku nyingine, tukiwa tumekaa tunakunywa chai. Akanieleza kwamba mara mbili alikuwa ameweka akiba ya kutosha malipo ya kwanza ya pikipiki, na mara zote mbili akaamua fedha ziende kwenye karo ya binti yake wa sekondari, yeye aendelee kupiga pedali. Kama huko si kuchagua, basi sijui kuchagua ni nini. Mwenye gari akiliacha nyumbani wiki moja, amechagua. Asiyenunua pikipiki ili mtoto asome, amechagua pia, na ameishi na uamuzi wake kwa miaka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwajiri asianze na zawadi. Achukue kalamu kwanza, aandike kile ambacho gari hupewa kazini kwake. Kivuli cha makuti. Mlinzi wa kulitazama. Maji ya kulioshea. Mara nyingine mafuta. Mtu anayekuja na gari hupokea haya kila siku ya Mungu na hakuna anayeyaita zawadi. Halafu aandike kile ambacho baiskeli hupewa. Kule nilikotoka, baiskeli ilipewa mti. Aliyekuja kwa miguu hakupewa hata huo. Tofauti ya orodha hizo mbili ndilo deni, na deni hulipwa kabla ya mtu kutoa tunu.

Wengine waliliona hili zamani. Kule California, Marekani, sheria ya mwaka 1992 iliwataka baadhi ya waajiri wakubwa waliokuwa wakikodi maegesho na kuwapa wafanyakazi bure, wampe pia mfanyakazi hiari ya kuchukua fedha taslimu badala ya nafasi hiyo. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwachunguza waajiri 8 waliofanya hivyo, na utafiti wake ukatoka mwaka 1997. Kabla ya fedha hizo, katika kila wafanyakazi 100, 76 walikuja peke yao ndani ya gari. Baadaye wakawa 63. Waliokuja pamoja katika gari moja waliongezeka kutoka 14 hadi 23. Kilichobadilika ni kwamba asiyeleta gari naye alipewa kitu cha thamani ileile. Na Uholanzi, mwaka 2024, mwajiri aliruhusiwa kumlipa mfanyakazi hadi senti 23 za euro kwa kila kilomita ya safari ya kazi bila kodi, kiwango kilekile kwa mwenye gari, mwenye baiskeli na mwenda kwa miguu.

Nilipohamia hoteli ninayofanyia kazi sasa, ambayo ni ndogo, nilimpelekea meneja orodha zile mbili nilizozitaja. Aliziangalia kimya kwa muda, kisha akauliza tuanzie wapi. Tukaanza na kitu rahisi: nafasi moja ya gari chini ya makuti ikageuzwa kuwa ya baiskeli, yenye vyuma vya kufungia, mbele kabisa, mlinzi akiiona. Nafasi ya gari moja iliingia baiskeli 8 bila kubanana. Kisha pampu na kisanduku cha viraka vya pancha vikawekwa kwa mlinzi. Posho ya usafiri, ambayo zamani ilikuwa mafuta ya wakuu wa idara peke yao, ilichukua miezi mingi ya mabishano. Sasa wote wa daraja moja wanapata sawa, aje mtu na gari au na ndara zake. Wakuu wawili wanaokaa mtaa mmoja walianza kuja na gari moja mwezi uleule wa kwanza, kwa sababu asiyechoma mafuta anabaki na posho yake. Magari 7 yaliyokuwa yakishinda pale sasa ni 4.

Lakini niseme juu ya zamu, maana hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea, na mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa naendesha gari peke yangu kutoka Gede, viti vitatu vitupu, nikiwapita wenzangu wa Gede na Msabaha wakiwa stejini wanangoja matatu. Nilipoanza kuwachukua tulikwenda vizuri wiki mbili, kisha nikapanga zamu kama kawaida yangu, mmoja asubuhi, mwingine mchana, wa tatu usiku, na safari yetu ikavunjika kwa kalamu yangu. Siku hizi ninauliza kwanza nani anakuja na nani, kisha ndipo naandika. Wanaokuja pamoja huingia pamoja na kutoka pamoja. Haimgharimu mwajiri hata senti, na nimeona watu wakiithamini kuliko kofia au fulana yenye nembo. Nauli sikuwahi kuwatoza, kwa kuwa gari la binafsi halina leseni wala bima ya kubeba abiria wa kulipa. Hoteli ndiyo inayonitilia sehemu ya mafuta, na gari lililobeba watu wanne ndilo linalopewa kivuli. Anayekuja peke yake huegesha panapobaki.

Kwa wanawake shukrani ina sura nyingine. Wahudumu wa mkahawa hutoka saa 5 usiku. Mwanamke anayekaa Maweni au Muyeye hawezi kuambiwa apande baiskeli saa ile kisha apongezwe kwa kulinda hewa. Tuktuk hubeba watatu nyuma, basi tumeelewana na dereva mmoja, tunayemjua na nyumbani kwake tunakujua, awachukue watatu watatu kila usiku, naye hulipwa na hoteli mwisho wa mwezi. Pia tumeiga jambo ambalo miji mingi ya Marekani inalo: aliyekuja bila gari akipigiwa simu kwamba mtoto ameungua au mzazi ameanguka, hoteli humlipia usafiri wa kumrudisha mara moja. Mwaka jana ahadi hiyo tuliitumia mara 3 tu. Lakini mama mmoja wa usafi aliniambia kwamba ni kwa sababu ya ahadi hiyo ameacha kukopa fedha za kuweka akiba ya "ikitokea".

Hatari ya barabara nayo isifichwe. Barabara kuu ya kuja Malindi kutoka Mombasa haina njia ya baiskeli huku kwetu, na matatu ikilipita lori, mwenye baiskeli huangukia mchangani kwa hiari au kwa nguvu. Sitaki mwajiri yeyote aning'inize zawadi mbele ya kijana ili aingie barabara ile gizani. Kama anataka kumshukuru, ampe taa ya mbele na nyuma na koti la kung'aa, na asimpangie kuingia saa 11 alfajiri wakati jua la kwetu huchomoza karibu na saa 12. Hili nalo liko mkononi mwa anayepanga zamu.

Ndugu zangu wa Lamu huenda wakaliona swali lenu geni. Katika mji wao wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro ni vya watu na punda, na magari kisiwani ni ya kuhesabu. Shangazi yangu aliolewa kule, na kila nikienda kumwona huvutiwa na jambo moja: asubuhi mkuu wa ofisi na mchukuzi wa mizigo hupishana kwenye kichochoro kimoja, bega kwa bega, wakisabahiana. Huwezi kumjua mtu cheo chake kwa namna alivyofika kazini. Malindi unaweza, na ndiyo sababu mwenye baiskeli huambiwa apite mlango wa nyuma.

Cheti nacho sikikatai. Mtu hupenda kutajwa jina mbele ya wenzake, na ni haki yake. Ila kitolewe kwa miaka, si kwa wiki, na majina yatoke kwenye rejista badala ya kwenye picha. Mwaka jana, tarehe 3 Juni, tulisoma majina ya watu 14, kila mmoja na miaka yake na njia aliyokuja nayo. Yule baba wa Mambrui alikuwamo. Nilimwombea kazi huku mwaka wangu wa pili, na hesabu yake tuliianzia kule alikoanzia, kwa sababu miguu iliyopiga pedali ni ileile. Aliposikia "miaka 17" alisimama, akavua kofia, akakaa tena bila kusema neno.

Alichokuja kuniomba baadaye ni bafu. Anataka aoge akifika, avae sare akiwa mkavu, kama wanavyoanza kazi wenzake waliokuja na gari. Bafu la wanaume lilikamilika Januari, lina kabati 6 zenye kufuli. La wanawake bado. Matofali yamefika, yamepangwa kando ya chumba cha kufulia, na fundi amesema ataanza masika yakiisha.