Kabla Mzee hajaingia kwenye mashine

Safari hii nimechagua barua tatu zinazohusu picha za ubongo zinazopigwa kwa dawa yenye mionzi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu najua iko familia nyingine imeshika fomu ya kukubali kushiriki utafiti wa namna hii na haijui pa kuuliza.

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yangu ana miaka 71, ni mtu wa Machame, na sasa anaishi nasi Burnaby, Kanada. Ana ugonjwa wa Parkinson. Nyumbani alitetemeka mkono wa kulia kwa muda mrefu, tukaambiwa ni uzee. Huku amepata dawa na anatembea vizuri. Daktari wake ameuliza kama angependa kushiriki utafiti: atachomwa dawa yenye mionzi, kisha atapigwa picha za ubongo. Kaka zangu walioko Moshi wamekataa katakata, wanasema mionzi itammaliza. Fomu ninayo mimi, kurasa nyingi, sijui nisaini au nisisaini. Na je, picha hizo zinaweza kuonyesha kama na mimi nitaugua? – Binti wa Machame

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na fomu: usisaini. Saini hiyo si yako, wala si ya kaka zako. Kama Mzee bado anajua anachokitaka, na barua yako inanionyesha hivyo, basi mwenye kuamua ni yeye. Mketishe, msomee kwa Kiswahili, au kwa Kichaga kama ndicho kinachomwingia zaidi. Omba mkalimani siku ya kuzungumza na watafiti, usifanye wewe kazi hiyo, maana binti akitafsiri huwa anamkinga baba na maneno mazito. Kwa miaka yangu ya kuchoma dawa hizi nimewaona wazee wakiitikia kila kitu kwa kichwa kwa sababu tu mtoto aliyekaa pembeni anaitikia. Mzee aambiwe waziwazi kwamba anaweza kukubali leo na kukataa keshokutwa, hata akiwa amekwisha kulala kitandani, na matibabu yake ya kawaida hayataguswa.

Aambiwe pia kwamba utafiti huu si tiba. Hatatoka pale akiwa amepona chochote. Anatoa kitu, na ana haki ya kujua anatoa nini.

Sasa dawa yenyewe. Anachochomwa ni kiasi kidogo mno cha kemikali inayojua njia ya kufika ubongoni, iliyounganishwa na atomu yenye mionzi. Atomu ikivunjika hutoa chembe iitwayo positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na pale zilipokuwa huruka miale miwili, kila mmoja ukielekea kinyume cha mwenzake. Mashine ya PET ni duara la vipokezi kukizunguka kichwa. Vipokezi viwili vya pande mbili vikiguswa kwa wakati mmoja, kompyuta inajua kuwa tukio limetokea kwenye mstari unaoviunganisha. Ikikusanya mistari mingi ya namna hiyo, inaonyesha dawa imekaa wapi na kwa wingi gani.

Kanada ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1983, Garnett, Firnau na Nahmias wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, walichukua malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea na ambayo hupungua kwa mwenye Parkinson, wakaiunganisha na atomu yenye mionzi iitwayo florini-18, na kwa mara ya kwanza dopamini ikaonekana kwenye picha ya ubongo wa mtu aliye hai. Kabla ya hapo, upungufu wa dopamini katika Parkinson ulijulikana kwa kupima ubongo wa waliokwisha kufa.

Hapo Vancouver, karibu na kwenu, kuna kitu ambacho kila nikikifikiria nafurahi. Atomu hizi hutengenezwa kwa mashine iitwayo saiklotroni, katika kituo cha utafiti wa fizikia kiitwacho TRIUMF. Moja yake, kaboni-11, hupungua nusu kila dakika 20, kwa hiyo haiwezi kusubiri gari kwenye foleni. Wakachimba bomba chini ya ardhi, lenye urefu wa kilometa mbili na ushee, kutoka TRIUMF hadi hospitali ya Chuo Kikuu cha British Columbia. Kichupa kinasukumwa kwa hewa na kufika kwa dakika chache, wakati mgonjwa amekwisha kulala anasubiri.

Kuhusu hofu ya kaka zako, usiwabeze. Wengi wetu mionzi tumeijua kupitia ndugu waliotibiwa saratani hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, tukaona ngozi inavyoungua na nywele zinavyotoka. Ile ni mionzi ya kuua uvimbe, na kiwango chake ni kikubwa mno ukilinganisha na hiki. Kipimo cha ubongo cha sukari yenye florini-18, ambacho ndicho cha kawaida zaidi, humpa mtu kama milisiverti 4 hadi 7 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na kwenye chakula humpa mkazi wa dunia wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Sisemi ni kitu cha kudharau. Mimi mwenyewe nilivaa kipimio cha mionzi kifuani siku zote za kazi. Kwa mtu wa miaka 71 hatari yake ni ndogo sana, na ingawa ni ndogo lazima iandikwe kwenye fomu. Tafuta ukurasa wenye kiwango cha mionzi, kisha uliza: je, hiki ni cha picha moja au cha picha zote za utafiti zikijumlishwa? Watumie kaka zako jibu hilo kwa namba, siyo kwa maneno ya kuwatuliza.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kitu ambacho barua yako haikukitaja. Tafiti nyingi za Parkinson humtaka mgonjwa aache dawa zake tangu jioni ya siku iliyotangulia, yaani kwa muda wa saa 12 au zaidi, ili ubongo uonekane bila msaada wa levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu. Hapo ndipo penye mateso. Asubuhi hiyo Mzee ataamka amekakamaa. Vifungo vya shati vitamshinda, atahitaji mtu wa kumshika akitoka kitandani, na pengine hataki umwone hivyo. Kisha kuna safari ya gari kutoka Burnaby. Kisha kulala chali bila kugeuka, mara nyingi saa nzima au zaidi, na huenda akavishwa barakoa ya plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto na kuumbwa usoni, yenye matundu, ili kichwa kisisogee. Kuna wazee waliovumilia sindano bila kukunja uso halafu barakoa ikawashinda. Omba aijaribu siku tofauti kabla ya kuamua.

Siku yenyewe, nenda na vidonge vyake mkobani. Waulize mapema ni saa ngapi hasa picha ya mwisho inaisha, na kama anaruhusiwa kumeza palepale. Apelekwe chooni dakika ya mwisho kabla ya kulala. Avae nguo isiyo na vifungo, achukue na soksi nzito, vyumba vile vina baridi. Uliza kama kuna kuwekewa mpira kwenye ateri ya mkono kwa ajili ya kuchukua damu. Si kila utafiti unafanya hivyo, lakini ukifanya inauma kuliko sindano ya mshipa wa kawaida, na Mzee asilikute jambo hilo mlangoni.

Je, kuna faida? Ndiyo, na naiamini kwa moyo wangu wote. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver waliwachoma wagonjwa wa Parkinson maji ya chumvi matupu, bila wao kujua kama ni dawa au si dawa. Walikuwa wakifuatilia raklopraidi, kemikali yenye kaboni-11 inayokaa kwenye vipokezi vya dopamini vya ubongoni (si vile vya mashine) na kusukumwa nje dopamini ya mtu mwenyewe inapotoka. Kwenye picha, raklopraidi ilisukumwa nje. Matumaini ya kupata dawa yalikuwa yameufanya ubongo uachilie dopamini yake wenyewe. Mgonjwa anayesema amepata nafuu kwa kutarajia tu hadanganyi, na tangu hapo hakuna mtafiti makini wa Parkinson anayepima dawa mpya bila kulifikiria hilo. Wamefaidika wagonjwa wa dunia nzima kwa sababu ya watu wachache waliokubali kulala kwenye mashine asubuhi bila dawa zao.

Na watu wa kwenu wanahitaji kuhesabiwa. Ulipofanyika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, miaka ya 2005 na 2006, walipatikana wagonjwa wa Parkinson 33 kati ya wakazi zaidi ya 161,000, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Baba yako aliyeambiwa ni uzee hakuwa peke yake. Picha za ubongo tulizo nazo kuhusu ugonjwa huu ni za Wazungu kwa sehemu kubwa mno. Hiyo ni sababu nzuri ya Mzee kukubali, ila haimfungi. Akisema amechoka, amechoka.

Sasa wewe. Watafiti wa Vancouver wamezipiga picha familia zenye badiliko la jeni liitwalo LRRK2, na kwa baadhi ya waliolirithi wakaona mabadiliko ya dopamini kabla ya dalili yoyote. Lakini wagonjwa wengi wa Parkinson hawana jeni moja la kulaumiwa, na kwa sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia ugonjwa usianze. Kama huna dalili, sikushauri kutafuta picha hiyo kwa ajili ya kujua tu. Ukiombwa kushiriki kama mtu mzima wa afya wa kulinganishwa naye, hilo ni jambo jingine, na usingoje kuambiwa matokeo yako. Uliza kwanza kama huwa wanayatoa. Ukiwa na mimba, au ukihisi unayo, usichomwe.

SWALI: Mama yetu wa Nakuru ana miaka 68 na anasahau sana tangu mwaka jana. Kaka anataka tuuze kipande cha shamba tumpeleke Nairobi kwa kipimo cha PET, tujue kama ni Alzheimer. Tuuze? – Wa Tatu kuzaliwa

JIBU: Msiuze. Mashine Nairobi zipo kweli, Aga Khan wanayo na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wanayo, lakini kazi yake kubwa ni saratani. Kwa mtu anayesahau, anzeni na yale yanayotibika: damu ipimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya UKIMWI, daktari aone dawa zote anazomeza, hasa za usingizi, masikio yapimwe, aulizwe kwa upole kama ana huzuni isiyomtoka. Kama alianguka na kugonga kichwa, hata kidogo, mwambieni daktari leo, kwa sababu damu iliyovilia chini ya fuvu huonekana kwa picha ya kawaida ya kichwa iitwayo CT na huweza kutolewa.

Ipo pia PET ya utando wa protini uitwao amiloidi. Mtu wa kwanza alipigwa picha hiyo Uppsala, Uswidi, mwaka 2002, kwa kemikali iliyobuniwa na Klunk na Mathis wa Pittsburgh. Imebadilisha utafiti wote wa Alzheimer. Lakini kuna wazee wengi wenye akili kali kabisa ambao picha zao zinaonyesha amiloidi, kwa hiyo hata jibu la “ipo” lisingewaambia kila kitu kuhusu Mama. Shamba libaki, atahitaji mtu wa kukaa naye, na hilo lina gharama ya kila mwezi.

SWALI: Babu alipigwa PET ya ubongo saa mbili asubuhi, daktari akasema dawa ni florini-18. Mjukuu wa miezi tisa analia anamtaka. Tumpe lini? – Mkwe, Muscat

JIBU: Fuateni kwanza karatasi aliyopewa hospitali, hata kama imeandika muda mrefu kuliko wangu. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Ikifika saa mbili usiku, kwa hesabu hiyo peke yake, imebaki kama asilimia moja tu, na nyingine imekwisha kutoka kwa mkojo. Babu anywe maji mengi, aende chooni mara kwa mara na anawe mikono vizuri. Kesho asubuhi ampakate mjukuu wake.