Weka filta, lakini msomaji ajue anaangalia nini

Kila namba kwenye dashibodi ya mauzo ina maelezo yake: ni mauzo ya wapi, ya lini, ya bidhaa gani. Ukimpa msomaji filta, yaani kichujio cha kuchagua data ipi aione, umemkabidhi uwezo wa kuyabadilisha maelezo hayo mwenyewe. Hilo ni jambo zuri mno, na ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Ila akishabadilisha, maelezo mapya yaonekane kwa macho, palepale ilipo namba. Katika kampuni za usambazaji nilizozifanyia kazi hapa Dar es Salaam, ugomvi mwingi wa namba niliousikia vikaoni haukuletwa na data mbovu. Uliletwa na watu wawili walioshika ripoti ileile, kila mmoja na filta zake, wala hakuna aliyejua filta za mwenzake.

Chukua Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi. Ukifungua ripoti kwenye huduma yake ya mtandaoni, ukachagua Mwanza, ukafunga na kwenda zako, kesho ukirudi utaikuta Mwanza inakusubiri. Mfumo unamkumbukia kila mtumiaji chaguo lake la mwisho. Kipo kitufe cha kurudisha ripoti kwenye hali ya mwanzo, lakini watumiaji wengi niliowafundisha hawakuwa wamewahi kukigusa. Basi mkurugenzi wa fedha anasoma mauzo ya nchi nzima, mwenzake wa masoko anasoma ya Kanda ya Ziwa bila kukumbuka kwamba wiki iliyopita alichagua hivyo, na kikao kinaanza kwa kutuhumiana.

Kuna na WhatsApp. Ripoti zetu hazikai ndani ya mfumo. Meneja anapiga picha ya skrini, anairusha kwenye grupu la mauzo, na kuanzia hapo picha ndiyo ripoti. Kama filta zako zimejificha kwenye paneli ya pembeni iliyokunjwa, picha itabeba namba tupu. Kwa hiyo kabla sijachora chati hata moja, naweka juu ya ukurasa mstari wa maandishi unaojiandika wenyewe kufuatana na filta zilizochaguliwa: "Mauzo ya Mwanza na Arusha, Julai hadi Septemba 2024, bidhaa zote." Kwenye Power BI hiyo ni fomula fupi tu. SELECTEDVALUE inakuletea jina pale msomaji anapochagua kitu kimoja, CONCATENATEX inayaunganisha majina akichagua vingi, na asipochagua chochote unaiambia iandike "Mikoa yote". Ukikosa muda wa kufuata mengine yote ninayoyaandika hapa, fanya hili.

Sasa, filta zipi? Usizitafute kwenye orodha ya safuwima za data, maana utazipata hamsini. Zitafute kwenye maswali ya watu. Meneja mmoja wa tawi nilipomwonyesha rasimu yenye ramani na chati za rangi aliniambia, "Dada, mimi ramani siihitaji. Nataka duka langu, jana, na wiki hii." Hizo ni filta mbili: tawi na tarehe. Mtu wa manunuzi anataka aina ya bidhaa na msambazaji. Mtu wa madeni anataka mteja na umri wa deni. Ukiziweka zote kwenye ukurasa mmoja, kila mtu atalazimika kupita kwenye filta za wenzake ndipo azifikie zake. Mimi naona bora ukurasa kwa kila kundi, wenye filta tatu au nne, kuliko ukurasa mmoja wenye kumi na mbili.

Tarehe ndiyo filta inayotumika kuliko zote, na ndiyo inayopotosha watu kimyakimya. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na hata Kenya, unaanza tarehe 1 Julai. Kampuni nyingi binafsi zinahesabu Januari hadi Desemba. Kampuni inayouza kwenye halmashauri na taasisi za umma inaishi na miaka yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo filta iliyoandikwa "Mwaka" peke yake haijamwambia mtu kitu. "Robo ya kwanza" ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mmoja anaelewa Januari hadi Machi na mwenzake Julai hadi Septemba. Andika kamili: "Mwaka wa fedha 2024/25", na kwenye robo weka majina ya miezi yenyewe.

Kwa hilo unahitaji jedwali lako la kalenda, lenye mstari mmoja kwa kila siku na safuwima za mwezi, robo, mwaka wa kalenda na mwaka wa fedha. Mtiririko wa tarehe (mwaka, robo, mwezi, siku) ambao Power BI inakutengenezea yenyewe unafuata Januari hadi Desemba, haujui habari za Julai. Na ukiandika majina ya miezi kwa Kiswahili, mfumo utayapanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Ongeza safuwima ya namba, Julai ikiwa 1 na Juni ikiwa 12, kisha uamuru safuwima ya majina ipangwe kwa namba hizo. Ni kazi ya dakika chache, na bila hiyo ripoti inaonekana ya mtu asiyejali.

Filta ya tarehe lazima pia ifunguke mahali penye maana. Ripoti inayofunguka ikiwa na data ya miaka yote inachelewa, na inatoa jumla kubwa ambayo hakuna aliyeiulizia. Matawini naweka siku 30 zilizopita kwa kutumia filta inayojisogeza yenyewe kila siku. Menejimenti naweka mwaka wa fedha unaoendelea. Chaguo hili la mwanzo linahitaji mjadala wa kweli na wenye ripoti, kwa sababu wengi watalisoma hivyohivyo lilivyo, hawatagusa kitu.

Mahali nako kuna mitego yake, na hii ya kwetu huwezi kuikuta kwenye mafunzo ya kigeni. Tanzania ina mikoa 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, lakini haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2012 tulipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, ikaondoka na Tunduma, mji wa mpakani ambao kwa biashara ya jumla ni mkubwa kweli. Sasa mtu akichagua "Mbeya" akalinganisha 2015 na 2017, ataona mauzo yameporomoka, ilhali wateja ni walewale na magari yanapita njia ileile. Kilichobadilika ni mkoa ulioandikwa kwenye ankara. Dawa yake ni kuwa na jedwali la wateja au maduka lenye safuwima ya mkoa wa sasa, na filta ichukue hapo. Mauzo ya Tunduma ya 2015 yatahesabiwa Songwe, na mlinganisho utasimama. Kama kuna mtu wa hesabu anayehitaji mgawanyo wa wakati ule, mwekee safuwima ya pili yenye jina linalojieleza, lakini usiziweke zote mbili mbele ya kila msomaji.

Mtego mwingine ni majina yanayojirudia. Majengo ipo Moshi na Majengo ipo Dodoma. Filta ya kata ikisoma jina tu, itajumlisha mauzo ya kata mbili zilizo mbali kabisa na kukupa jumla isiyo na maana, tena bila onyo. Mpange msomaji ashuke kwa ngazi, mkoa, wilaya, kisha kata, au andika jina pamoja na wilaya yake. Halafu usitegemee mtu atembeze orodha ndefu. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184, na kaunti za Kenya ni 47. Orodha za ukubwa huo zinataka kisanduku cha kutafutia, mtu aandike herufi tatu apate jina lake.

Usafi wa majina ni lazima uje kabla ya filta. Dar es Salaam inaandikwa "DSM", "Dar", "D'Salaam", na kila muuzaji ana mazoea yake. Chati ya jumla inaweza kuuficha uchafu huo, lakini filta inauanika wote, kwa sababu mtu akichagua jina moja anapoteza mauzo yaliyoandikwa kwa majina mengine. Usafishe kwenye chanzo au kwenye hatua ya kuandaa data, kamwe usimwachie msomaji kazi ya kutia tiki majina manne ya jiji moja. Na ukiona neno la "tupu" (Blank) limejitokeza kwenye filta yako ya Power BI, usikimbilie kulificha. Mara nyingi linakuambia kuna mauzo yenye namba ya mteja au ya duka ambayo haimo kwenye jedwali lake. Hizo ni fedha halisi ambazo zitatoweka kwenye jumla ya kila atakayechagua mkoa.

Asilimia nazo zinahitaji uamuzi wako kabla hujamkabidhi mtu ripoti. Tuseme una kadi, yaani kisanduku chenye namba moja, inayoonyesha mchango wa mkoa kwenye mauzo yote. Msomaji anachagua Mwanza, kadi inasema asilimia 100. Haijakosea: filta imekata juu na chini ya mgawanyo, hivyo Mwanza imegawanywa kwa Mwanza. Kama ulitaka mchango wake kwa nchi nzima, kigawanyo lazima kiwekwe nje ya filta ya mkoa kwa kutumia fomula ya ALL. Kama ulitaka mchango wa kila mkoa ndani ya mikoa mitatu aliyochagua msomaji, tumia ALLSELECTED kwenye jedwali au chati inayoorodhesha mikoa hiyo, maana kwenye kadi peke yake itabaki asilimia 100. Kwenye Tableau, programu nyingine ya ripoti, jambo hilohilo lina sura yake: hesabu za FIXED zinafanyika kabla ya filta za kawaida, kwa hiyo filta haizigusi mpaka uipandishe iwe ya muktadha (context filter). Chochote utakachochagua, kiandike kwenye jina la kadi au chati: "Mchango kwa mauzo ya nchi nzima" au "Mchango kati ya mikoa uliyochagua".

Waelimishe pia watumiaji namna machaguo yanavyoungana. Ndani ya filta moja, Mwanza na Arusha maana yake ni mauzo ya mojawapo, yote yanajumlishwa. Kati ya filta mbili, Mwanza na sukari maana yake ni mauzo yenye sifa zote mbili. Wengi hawalijui hilo, na pia hawajui kwamba kwenye Power BI kutotia tiki popote ni sawa na kuchagua vyote.

Kwa wanaotumia Excel, ambao bado ndio wengi maofisini, vitufe vya kuchuja (slicer) vimekuwepo tangu toleo la 2010 na ukanda wa tarehe (timeline) tangu la 2013. Kitufe kimoja kinaweza kuendesha majedwali egemeo (pivot table) kadhaa, ilimradi yote yamejengwa juu ya hifadhi moja ya data. Angalia na hili: ukichuja jedwali egemeo kwa kutia tiki kwa mkono, kisha tawi jipya likafunguliwa, tawi hilo linaweza kubaki nje ya ripoti mpaka uende kwenye mipangilio ya uga (Field Settings) na kuruhusu vitu vipya viingizwe. Tawi zima linauza, na jumla ya kampuni hailioni.

Kasi nayo. Kama ripoti inauliza kanzidata moja kwa moja, kila tiki inaamsha maswali mapya kwa karibu kila chati iliyo ukurasani. Kwenye intaneti ya mikoani huo ni mzigo. Weka kitufe cha kuthibitisha ili mtu achague vyote kwanza, kisha abonyeze mara moja. Kwa simu tumia orodha ya kukunjua. Vitufe vidogo vidogo havifai kwa kidole gumba.

Jambo ambalo sikubali kulegeza ni hili: filta siyo kufuli. Kumwekea meneja wa Mbeya filta ya Mbeya, hata ukiificha, hakumzuii mtu kufikia data ya matawi mengine iwapo modeli, yaani majedwali ya data yaliyo nyuma ya ripoti, inamruhusu. Kama hatakiwi kuona mishahara au majina ya wateja wa wengine, weka ulinzi kwenye modeli yenyewe, unaoamua kila mtu aone mistari ipi kufuatana na akaunti yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Nyuma ya data hizo kuna watu, wana haki ya kutoanikwa kwa sababu tu mtu aliona filta inatosha.

Kabla ya kuikabidhi ripoti, ijaribu kama atakavyoitumia mtu wa tawini. Chagua kimoja, chagua viwili, futa vyote, kila mara ulinganishe jumla na mfumo wa ankara. Kisha chagua mchanganyiko unaojua hauna mauzo, uone ukurasa unasema nini. Kadi ikibaki tupu, msomaji atadhani mtandao umekatika au ripoti imeharibika. Ifanye iandike "Hakuna mauzo kwa uchaguzi huu", na pale ambapo data ya tawi bado haijapakiwa, iandike hivyo pia, kwa maneno tofauti. Meneja ambaye hakuuza kitu jana na meneja ambaye data yake bado haijafika hawastahili kupigiwa simu ileile asubuhi.