Sauti Nane Tu: Zoezi Nililojifunza kwa Art of Noise

Kwa miaka mitatu nilikuwa mkusanyaji wa sauti nikijiita prodyuza. Nilikuwa na diski ya nje imejaa hadi inanung'unika: ngoma za kila aina, vinanda, filimbi, makofi peke yake folda nzima. Nikikaa kutengeneza biti, saa mbili zinaisha bado nachagua makofi. Umeme unakatika, sijaweka hata mdundo mmoja.

Kilichonitoa huko ni rekodi ya Waingereza iliyotoka kabla sijazaliwa.

Niliifikia kwa mlango wa nyuma. Kuna ile sauti ya mwanamke anayesema "Hey!" kwenye Firestarter ya The Prodigy, kundi la Uingereza, wimbo wa 1996. Nilitaka kujua imetoka wapi, nikaambiwa imetoka kwenye Close (to the Edit) ya kundi linaloitwa Art of Noise. Nikaitafuta. Siku hiyo sikula mchana.

Art of Noise walianza London mwaka 1983: Anne Dudley kwenye kinanda, J.J. Jeczalik kwenye kompyuta, Gary Langan fundi wa sauti, pamoja na prodyuza Trevor Horn na mwandishi wa habari za muziki Paul Morley. Jina walilichota kwenye ilani ya Mwitaliano Luigi Russolo, aliyetangaza mwaka 1913 kwamba kelele za viwanda na mitaa nazo ni muziki. Walitoa kwanza EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya Into Battle mwaka 1983, kisha albamu yao ya kwanza, Who's Afraid of the Art of Noise?, mwaka 1984. Sura zao hawakuzionyesha, wakajificha nyuma ya vinyago. Hilo la vinyago tuwaachie wapenda mitindo.

Mimi kilichonikamata ni chombo chao. Kiliitwa Fairlight CMI, kimetengenezwa Sydney na Peter Vogel na Kim Ryrie, kikaingia sokoni mwaka 1979. Unarekodi sauti yoyote, mlango, chupa, mtu anapiga chafya, halafu unaipiga kwenye kinanda kwa noti unayotaka. Diski zake zilikuwa pana kama sahani ya chai, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Lakini uwezo wake! Sauti nane kwa wakati mmoja, na kila sauti ina kumbukumbu ya kilobaiti 16. Hapo inaingia kama sekunde moja hivi, tena kwa ubora wa biti 8 (biti za kompyuta, si hizi zetu). Picha yako ya wasifu kwenye simu haitoshi humo.

Na bado Beat Box, wimbo wao, ilifika namba moja kwenye chati ya dansi ya Billboard kule Marekani mwaka 1984.

Basi nikajiwekea sheria. Kwa mwezi mmoja, kila biti iwe na sauti nane tu, na hakuna inayozidi sekunde moja. Diski ya nje nikampa dada yangu anifichie, maana najijua. Ushauri wangu wa kwanza ni huo: fanya hivyo kabla hujanunua chochote. Wiki ya kwanza utakereka. Wiki ya pili utaanza kuuliza maswali ya maana, kwa mfano, mfuniko huu wa sufuria nikiushusha chini kabisa unageuka nini? Wangu uligeuka kengele ya meli. Nikiupandisha ukawa kama mtu anagonga glasi. Sauti moja, vyombo viwili, na bado nina nafasi saba.

Watu wa singeli hawahitaji kufundishwa haya. Wao walianza kwa kuchukua kipande cha taarab, wakakikimbiza hadi kikawa kitu kingine.

La pili ni kuhusu makapi. Mdundo ule mzito wa Art of Noise ulianzia kwenye ngoma zilizotupwa. Langan na Jeczalik walikuwa wakifanya kazi kwenye albamu ya 90125 ya bendi ya Yes, na kipande alichopiga Alan White, mpiga ngoma wa Yes, kikaachwa. Wao wakakiingiza kwenye Fairlight, si pigo mojamoja bali kipande kizima. Kwa hiyo usifute. Mimi nilikuwa na folda nimeiita TAKA, nikaifuta yote ili simu ipate nafasi ya video za harusi ya binamu. Mle ndani mlikuwa na mvua juu ya bati ambayo sijawahi kuipata tena, na nimerekodi masika mawili tangu hapo.

La tatu litawaudhi wengine. Tafuta mtu anayejua muziki. Kelele peke yake huchosha baada ya dakika mbili. Sikiliza wimbo wao Moments in Love kwa hedifoni, ile ndefu inayozidi dakika kumi, utasikia mkono wa Anne Dudley, mwanamke aliyesomea muziki Royal College of Music na baadaye akachukua Oscar kwa muziki wa filamu ya The Full Monty. Mimi nilimpata mpiga kinanda wa kwaya. Hapendi biti zangu, lakini akiniambia "hapa umepotoka" huwa kweli.

Na haki. Wimbo wangu mmoja uliondolewa mtandaoni kwa sababu ya sekunde nne za kipande cha watu ambacho sikukiombea ruhusa. Hao The Prodigy waliwaandika wana Art of Noise miongoni mwa watunzi wa Firestarter, kwa sababu ya ile "Hey!" fupi. Ukirekodi mwenyewe, hudaiwi.

Ndivyo nilivyofika kwa mzee jirani. Kwenye Close (to the Edit) kuna gari linawashwa, na inasemekana ni Volkswagen Golf. Mzee wetu ana pikapu ambayo kila alfajiri inakohoa mara nne ndipo iwake. Nikaenda na simu.

"Shikamoo mzee. Naomba kurekodi gari lako likiwaka."

"Marahaba. Unampelekea fundi?"

"Hapana mzee, natengeneza muziki."

Akaniangalia kwa muda, akawasha. Nilikata kikohozi cha tatu, sekunde moja kasoro, nikakishusha noti kadhaa. Ndiyo besi ya biti yangu ninayoipenda kuliko zote.

Juzi kabadilisha plagi. Sasa pikapu inawaka mara moja, na mtaa mzima unalala hadi saa moja.