Tumbo linauma, vipimo ni safi

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka 15 anatibiwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito). Kila Jumatatu asubuhi kichwa na tumbo vinamuuma, lakini vipimo vya malaria na taifodi ni safi. Babake asema anajifanya. Tena tangu aanzishiwe fluoksetini, dawa ya sonona, wiki mbili zilizopita, anasikia kichefuchefu. Niikatize? – Mama, Kayole

JIBU: Pole, mama. Mwambie baba watoto kuwa maumivu hayo ni ya kweli. Ubongo na utumbo huwasiliana kupitia neva, na wasiwasi huweza kulisokota tumbo lisilo na kidonda. Nimewaona waliomeza dawa ya minyoo mara tatu kabla ya mtu kuwauliza wanalalaje!

Kichefuchefu ni kawaida wiki za mwanzo na mara nyingi hupungua. Ameze dawa baada ya chai na mkate. Usiikatize mwenyewe, zungumza na daktari wake. Ila akianza kuhangaika ghafla au kutaja kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki.

Hiyo Jumatatu nayo inanitia shaka. Muulize habari za shule polepole, mkichambua sukuma wiki, babake akiwa hayupo.